Hashimu Alivyorudiwa na Sauti

Tangu alipoanguka kwa kiharusi kwenye matuta yake ya kabeji, Hashimu wa Lukozi alibakiwa na neno moja tu kinywani: "Hapo." Ukimsalimia, hapo. Ukimuuliza kama ameshiba, hapo. Akitaka kugeuzwa ubavu, hapo, na macho yamemtoka kwa hasira kwa sababu huelewi kitu ambacho yeye anaona amekisema vizuri kabisa. Mkewe, Mwanaidi, alijifunza kuzitofautisha hapo hizo kwa jinsi zilivyopanda na kushuka, maana mke wa miaka mingi hujifunza hata yasiyofundishika. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakuna hapo ingeweza kulibeba, nalo ndilo lililomkosesha raha usiku na mchana. Alitaka mumewe afe ametamka shahada.

Na ugonjwa nao, kama una macho, ulichagua vibaya. Ungempata mtu mkimya, wa kuitikia kwa kichwa, nani angeshtuka? Hashimu alikuwa mtu wa mdomo. Kwenye kikao cha kugawana maji ya mfereji, akishasimama yeye, wengine walijua chakula cha mchana kitapoa. Na ulipoingia Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ndipo ungemwona Hashimu mwenyewe. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha matari cha bonde lile. Waliitwa mpaka Mlalo, mpaka Mtae, mpaka kwenye harusi za watu wasiowajua. Tari lake, lile dufu la ngozi ya mbuzi, hakuruhusu mtu kulibeba. Alilikausha mwenyewe karibu na moto kabla ya kuanza, kwa sababu ukungu wa huku juu hulegeza ngozi kabla hata kasida haijafika katikati, na dufu lililolegea, alisema, linalia kama mtu mwenye mafua.

Kasida yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na asili ambayo watu wa rika lake waliijua. Ujanani Hashimu alicheza mdumange, ngoma ya Kishambaa, na humo alitunga wimbo wa kumsifu msichana wa ng'ambo ya bonde, anayeteremka na mzigo wa kuni kichwani bila kuushika kwa mkono. Msichana huyo ndiye Mwanaidi. Walipooana, na Hashimu alipotulia akaingia kwenye maulidi, aliona hasara kuutupa wimbo mzuri namna ile. Akautoa maneno ya msichana na kuni, akautia maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu, na kibwagizo kikawa La ilaha illa Llah. Wazee walicheka wakasema Hashimu ameivisha ngoma kanzu. Walicheka, lakini waliimba, na wapo waliolia kila walipoimba.

Kisha akarudi Ibrahimu.

Ibrahimu ni mtoto wao wa pekee aliyebaki. Alikaa pwani miaka akisoma dini, akarudi na ndevu nzuri na suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Msimfikirie kuwa ni mkorofi. Ni kijana aliyeamka alfajiri kuchota maji ili mama yake asiteremke kwenye utelezi, na hakuna siku aliyowahi kumpandishia baba yake sauti. Alisema tu alichofundishwa. Kwamba Mtume amewataja watu watakaozihalalisha ala za muziki, na hakuwataja kwa kuwasifu. Kwamba dufu limeruhusiwa kwa wanawake na wasichana, harusini na siku ya Idi, lakini wanaume wazima kukaa msikitini wakipiga matari na kusema wanamwabudu Mungu ni uzushi. "Na ile kasida, baba," alisema kwa adabu, "sauti yake ni ya ngoma. Wewe mwenyewe unajua."

Hashimu alibishana naye masika nzima. Alimwambia kwamba mashekhe waliowaleta watu wa milima hii kwenye Uislamu waliwaleta kwa matari, kwamba bila dufu babu yake Ibrahimu angekufa akiabudu mizimu. Alishinda kwa maneno, maana nani amshinde Hashimu kwa maneno? Lakini alikuwa mtu anayeliogopa kaburi kuliko watu wanavyoliogopa kawaida. Walipomzika mwenzake waliyeanza naye kupiga matari, alirudi nyumbani kimya, akachukua kisu cha kukatia kabeji, akalipasua tari lake uani. Halafu akamwita Mwanaidi, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza sauti za wanawake.

"Mimi nimeapa," akamwambia. "Wallahi, halitalia tari wala ngoma ndani ya nyumba hii mpaka nakwenda kaburini. Na wewe uape. Nikija kuteleza, wewe ndiye utakayenizuia."

Mwanaidi akaapa. Moyoni hakuona dhambi iko wapi, kusema kweli, ila aliona mumewe anatetemeka. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba atamzuia.

Ndiyo maana yule dada wa mazoezi hospitalini, binti mpole anayeitwa Glory, alipozungumza naye, Mwanaidi alitamani asingeyasikia maneno yake. Glory alikuwa akiunyoosha mkono wa Hashimu uliokufa ganzi.

"Mama, baba alikuwa anaimba kwaya?" Kisha akaiona kofia ya Hashimu juu ya mto, akashika mdomo. "Samahani mama. Alikuwa anaimba popote?"

"Aliimba," Mwanaidi akasema. "Aliacha."

"Basi mwimbieni. Wapo wanaoshindwa kusema hata jina lao, lakini wimbo walioutumia sana unatoka na maneno yake yote. Si wote. Ila wapo." Akagonga ubao wa kitanda polepole kwa vidole. "Na mumpigie mapigo hivi. Mapigo yanamsaidia kushika njia."

Mwanaidi akashukuru, akainama kufunga vyombo vya uji. Maneno ya yule binti yakabaki naye njia yote ya kurudi Lukozi.

Mwanzoni aliyazuia. Alijiambia Hashimu atapona, na akipona atasema mwenyewe anachotaka. Lakini baada ya mavuno ya njegere ugonjwa ukampiga tena, na safari hii daktari alizungumza na Ibrahimu pembeni, halafu wakaambiwa wampeleke mgonjwa nyumbani, wamweke pa joto, wamwombee. Watu wazima wanajua maana ya maneno hayo. Wakamlaza chumba cha mbele, karibu na jiko la mkaa, na majirani wakaanza kuja, Waislamu kwa Wakristo, wakivua viatu vyenye tope mlangoni.

Ibrahimu alikaa kwenye sikio la baba yake, akamsomea, kisha akamtamkia pole pole kama inavyotakiwa kwa mtu anayekaribia kuondoka. "Baba. La ilaha illa Llah."

Hashimu akamtazama mwanawe kwa upendo mkubwa. "Hapo," akasema.

"La ilaha illa Llah, baba."

"Hapo. Hapo."

Mwanaidi alikimbilia jikoni akajiziba mdomo kwa khanga. Tangu utoto amesikia kwamba ambaye neno lake la mwisho duniani ni hilo ataingia Peponi. Sasa mumewe, aliyelisema neno hilo mbele ya mamia ya watu, aliyelipeleka vijiji vyote vya juu, alikuwa anakwenda bila ya kuwa nalo. Na dawa ipo, binti wa hospitali kaisema. Nani aliyeifunga? Hashimu mwenyewe, na akampa yeye funguo akamwapisha asifungue.

Akamwita Sheikh Singano, imamu wao wa zamani, mzee mwenye sweta juu ya kanzu na kikohozi kisichoisha. Akamweleza yote, akilia, mbele ya Ibrahimu, kwa sababu hakutaka kufanya jambo kwa kificho.

Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama Ibrahimu, juu ya muziki wanazuoni wametofautiana, na mimi na kijana wako tumetofautiana, unajua. Mimi sioni ubaya wa dufu katika kumtaja Mungu. Yeye anaona, na ana watu wa elimu nyuma yake. Hilo tuliache. Kiapo nacho kina njia. Mtu akiapa, kisha akaona jingine ni bora, hufanya lililo bora na akalipa kafara, akalisha maskini kumi. Lakini bubu hadaiwi kutamka. Mungu anajua kilichomo kifuani mwa Hashimu. Ukimwacha akaenda kimya, hakuna atakayemlaumu."

"Mimi sitaki asilaumiwe," Mwanaidi akasema. "Nataka aseme."

Ibrahimu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipozungumza, alizungumza taratibu, na hayo ndiyo maneno yaliyomchoma mama yake kuliko yote.

"Mama, tuyaache ya hadithi. Baba alikuwa na akili zake timamu alipoliacha tari. Alikuwa analipenda kuliko kitu chochote, akampa Mungu. Leo hawezi kusema hapana. Utamchukulia kitu alichompa Mungu, kwa sababu tu hana mdomo wa kukuzuia?"

Mwanaidi akavuta ncha ya khanga, akafuta machozi. Sheikh Singano naye akakohoa, akatazama jiko. Na mimi ninayewasimulia sina jibu, nimelitafuta.

Alijaribu kwanza njia ya katikati, kama mtu anayepita pembeni ya shamba la watu. Mumewe alipozidiwa, alimwinamia akamwimbia ile kasida kwa sauti ya chini, mdomo tu, bila kugonga kitu. Sauti tupu, akajiambia, hata Ibrahimu hasemi kuwa ni haramu. Midomo ya Hashimu ikachezacheza. Shingo ikajaribu kufuata. Kisha akapotea, akamtazama mkewe kwa woga kama mtoto aliyeachwa sokoni, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unajua kulia. Alijaribu tena kesho yake, na tena. Kila mara alifika palepale akapotea. Kilichokosekana ni mapigo.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ibrahimu alisita kwenda kuswali, akamshika baba yake mkono, akaona bado una joto, akaenda. Mwanaidi akabaki na mgonjwa. Pumzi ya Hashimu ilikuwa imebadilika, inakuja, inakaa, halafu inakuja tena. Mwanaidi alishawauguza wazazi wake wote wawili na aliitambua pumzi ile. Akaangalia mlango. Akaangalia ukuta ambapo zamani palitundikwa tari, pamebaki msumari. Akaenda jikoni akarudi na sinia la bati.

"Mgosi wangu, mume wangu, unisamehe," akamwambia. "Ee Mola, na Wewe unisamehe. Kosa ni langu, usimwandikie yeye."

Akakaa kitandani, akalilaza sinia pajani, akaanza kulipiga kwa vidole na kiganja, yale mapigo ambayo mikono yake haikuwa imeyasahau hata kidogo.

Hashimu akafumbua macho. Kidole cha mkono wake mzima kikaanza kugonga blanketi. Kikakosea, kikarudi, kikaingia ndani ya mapigo kikatulia humo. Kifua kikajaa. Na Mwanaidi akaisikia sauti ya mumewe, si ile hapo iliyokwaruza, bali sauti ya Hashimu, nyembamba na yenye kutetemeka lakini ni yenyewe, ikipanda mahali pa kupanda. Akasubiri maneno.

Maneno yakaja. Yalikuwa ya Kishambaa. Yalikuwa ya msichana wa ng'ambo ya bonde, anayeteremka na mzigo wa kuni bila kuushika kwa mkono.

"Hapana, mgosi," Mwanaidi akasema. "Siyo hayo. La ilaha illa Llah." Akamwimbia kibwagizo, mahali pake hasa, kwa sauti ile ile. "La ilaha illa Llah. Sema."

Hashimu akatabasamu kwa nusu ya uso. Akachukua pumzi, akaimba msichana na kuni zake, kila neno limekamilika, hata jina la utani alilompa Mwanaidi kabla hawajaoana, ambalo hakuna aliyelitamka tena tangu walipooana. Mwanaidi akapiga kwa nguvu zaidi, akalia, akaimba kibwagizo juu ya sauti ya mumewe ili aifunike. Haikufunikika. Kasida aliitunga ukubwani, wimbo aliutunga ujanani, na ugonjwa ulikuwa umefagia cha juu ukabakiza cha chini. Hilo Mwanaidi hakuwa amelifikiria. Katika kuhangaika kote, hakukumbuka hata mara moja kwamba ngoma waliyoivisha kanzu ilikuwa bado ipo ndani ya kanzu.

"Mama!"

Ibrahimu alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka.

"Ameongea," Mwanaidi akasema, bila kuacha kupiga. "Usinizuie, baba. Ameongea, yuko karibu, atafika."

Ibrahimu hakumnyang'anya sinia. Alipiga magoti palepale na kanzu yake iliyolowa, akaweka mdomo kwenye sikio la baba yake. "Baba, ni mimi. La ilaha illa Llah. Baba, mara moja tu." Akaushika mkono wake mzima. "Mara moja tu, baba yangu."

Hashimu akamgeukia mwanawe, akamwona, akafurahi. Akamwimbia naye, kwa upole, kama baba anayemfundisha mtoto wimbo: yule anakuja, yule wa ng'ambo, mtazameni anavyotembea.

Mwanaidi akaacha kupiga. Wimbo ukaendelea kidogo peke yake, kisha ukapungua, na Hashimu akalala. Hakuamka tena. Alasiri ile pumzi ikakaa, haikurudi. Hakusema hata hapo.

Walimzika Jumamosi, na bonde lote lilikuja. Waliokuwa wakipiga matari naye walikuja, wakasimama mikono imening'inia, hawajui waiweke wapi. Na kama kawaida ya watu wetu, ambao swali hili hawawezi kuliacha hata lingewachoma, mtu mmoja alimuuliza Ibrahimu pale penye tope la kaburi, "Mzee aliwahi kutamka shahada?"

Ibrahimu hajui kusema uongo. Alikwangua tope mikononi mpaka watu wakageuza shingo.

"Allahu aalam," akasema. "Mungu ndiye anayejua."

Jibu hilo lilifika jikoni kwa wanawake kabla maji ya chai hayajachemka. Mwanaidi aliona sauti zinashushwa alipopita. Mmoja akasema kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kejeli, kwamba jirani alisikia ngoma ndani ya nyumba ile saa ya Ijumaa. Hakuna aliyemwuliza. Angeulizwa, angesema nini? Kwamba mumewe alikuwa bubu, na bubu ana udhuru wake kwa Mungu, mpaka yeye mkewe alipompa sauti, na sauti ikaenda ilikokwenda?

Sheikh Singano alimjia kumpa moyo. Alimwambia kalamu haimwandikii mtu ambaye akili imemtoka, kwamba maisha yote ya Hashimu ni ushahidi, asijitese. Mwanaidi aliitikia ndiyo, ndiyo. Sheikh alipoondoka, alirudi kukaa palepale alipokaa.

Sasa yuko eda, ndani, na nguo zake za eda, ukungu unaingia kwa chini ya mlango. Ibrahimu amelisha maskini kumi kwa niaba yake, viazi na maharage na nyama, hakunung'unika hata kidogo. Jioni ya siku aliyowalisha, alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na mama yake.

"Kafara ya kiapo imekwisha, mama." Akasita. "Nina swali. Yule wa kwenye wimbo, wa ng'ambo, ni nani?"

Mwanaidi akatambua kwamba mwanawe amelibeba swali hilo siku zote hizi, akiogopa jibu lake. Maneno yale hayakuwahi kuimbwa mbele yake.

"Ni mimi," akasema.

Ibrahimu akafunika uso kwa mikono. Kisha akajifuta, akasema kwa upole, kwa sababu anampenda mama yake na anaamini anachokiamini, "Imebaki toba tu, mama. Ni nyepesi. Uliache kosa, uazimie kutolirudia, na ulijutie kwa moyo. Mungu anapokea."

Kuliacha ameshaliacha. Kulirudia, atalirudia na nani? Imebaki kujuta. Basi kila baada ya swala Mwanaidi hubaki kwenye msala akijuta. Hujikumbusha kaburi, hujikumbusha lile swali la watu, hujikumbusha kwamba huenda amemharibia mumewe safari ambayo aliiogopa maisha yake yote. Hulia machozi ya kweli. Hunyanyua mikono na kusema, "Ee Mola wangu, ninajuta." Na hapo hapo, chini ya maneno yake, humsikia Hashimu akimwita kwa lile jina, kwa sauti yake mwenyewe, baada ya kimya chote kile, na hujua kwamba amesema uongo juu ya msala. Hushusha mikono. Huomba asamehewe uongo. Huanza tena, hufika palepale, hukwama, kwa maana Mungu anauona moyo, na moyo wake, hata angetishwa kwa moto, kama angerudishiwa Ijumaa ile angempigia tena.